Kuzima Pampu ya Kimara

Mwanangu, iko siku moja siisahau. Mimi na fundi wangu tuliitwa Kimara, kwenye kisima cha mtaa, na tulipofika tukakuta mtu anapoteza kazi. Bomba la kupandisha maji mlimani lilikuwa limepasuka tena, ndiyo kwanza limeungwa. Kamati ilishachukua funguo za Bi Zuhura, mwendesha pampu, eti anazima mtambo kwa fujo.

"Mie nabonyeza kitufe tu, jamani," akasema. "Kuna namna nyingine ya kukibonyeza?"

Nilikuwa binti ninayejifunza ufundi chini ya Mzee Komba, mtu mkali asiyependa maneno mengi. Nikaikagua mota, nikamwambia inawaka vizuri na inazima vizuri.

"Hiyo mota," akanijibu. "Na maji je, umeyaangalia?"

Akamwomba Bi Zuhura awashe pampu, kisha azime. Kishindo kikapita bombani hadi ardhi ikatikisika. Mwenyekiti wa kamati wala hakushtuka.

"Huo mlio wa kawaida, mzee wangu. Kina mama huko juu wakiusikia ndiyo wanajua maji yamekatwa, wanaondoa ndoo zao."

Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama Bi Zuhura kicheko kikanikauka.

Mota ile ilikuwa na sofstata, kifaa cha kuiwasha polepole. Aliyekifunga alipanga kuwasha tu, kuzima hakukugusa, kwa hiyo kitufe kikibonyezwa umeme ulikatika papo hapo. Maji yaliyokuwa yanapanda kilima yakikosa wa kuyasukuma, yalirudi chini na kuipiga kwa nguvu zote valvu inayoyazuia, na kishindo hicho ndicho kilichopasua bomba. Mzee akapanga upya kifaa kipunguze nguvu kidogo kidogo mpaka mota isimame yenyewe.

Bi Zuhura akabonyeza kitufe kilekile. Mwenyekiti akasubiri mlio, haukuja. Akatoa funguo mfukoni, akamrudishia. Hata pole hakumpa, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Basi nawe unayeingia kwenye ufundi huu, kabla hujapanga namna ya kuzima, jiulize mzigo utafanya nini nguvu ikiondoka. Feni iache izunguke hadi ichoke, haina ugomvi na mtu. Pampu inayopandisha maji ishushe taratibu. Msumeno wa mbao usiubembeleze hivyo. Huo unataka breki, maana umeme ukikatika bado unazunguka, na vidole vya watu viko karibu. Kitufe chekundu cha hatari nacho kikate palepale, hata kama bomba litapasuka, kwa sababu bomba linaunganishwa, lakini mtu haunganishwi. Na siku utakayoambiwa fulani ndiye anayeharibu mtambo, nenda kwanza kausikilize mtambo wenyewe.

Mungu akupe masikio mazuri na mkono wenye subira, mwanangu, na asikufanye wewe kuwa sababu ya mwenzio kukosa riziki ya wanawe. Amina.