Samaki Ndani ya Odowa

Nilipiga yowe hadi mama mkwe akaangusha mwiko jikoni. Nilikuwa nimeketi mlangoni kwetu, pale mtaa wa West Indies, natafuna odowa, yale mawe laini ya sokoni ambayo sisi wajawazito huyatamani kuliko chakula. Bonge nililouma lilikuwa limepasuka vipande viwili bapa. Ndani yake alikuwemo samaki.

Sisemi alama inayofanana na samaki. Nasema samaki, urefu wa kidole changu cha mwisho, ana kichwa, ana tundu la jicho, ana mapezi, na uti wa mgongo umepangika mfupa kwa mfupa. Mimi ni mtoto wa Burnt Forest, nimelelewa kwa viazi na maziwa. Hata samaki wa sahani akiletwa na kichwa chake, hamu hunitoka. Na huyu nilikuwa nimemtia mdomoni! Nilitema, nikasukutua, nikatema tena.

Mama mkwe alikuja mbio. Yeye ni wa kule ziwani, na aliuza samaki miaka mingi kabla ya kumfuata mwanawe Eldoret. Alilichukua lile jiwe, akaligeuza juani, akalikwaruza kwa ukucha.

“Hii ni fulu,” akasema. Ndivyo wanavyoviita kwao vile visamaki vidogo vya kuanika. Kisha akanitazama tumbo. “Umekula ngapi kama hii?”

Swali hilo lilinikata maini. Yeye alikuwa amenikataza odowa tangu mwanzo, tukagombana, nami nikawa natafuna mbele yake kusudi. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, kwa kuogopa kulisikia likitoka kinywani mwangu.

“Mama,” nikasema, “mtoto hachezi. Tangu jana.”

Hakuuliza lingine. Alizima jiko, akajifunga leso, akaniambia nichukue kadi ya kliniki. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa ametulia hivyo hivyo tumboni, na hatukurudi naye nyumbani.

Kwenye foleni ya kupigwa picha ya tumbo nilijikuta bado nimelishika lile jiwe. Nilimtumia mume wangu picha ya jiwe hilo, na maneno ya kumweleza tuko wapi. Yeye ni mwalimu. Baada ya muda akapiga simu.

“Usipanic, niko njiani,” alisema. Kisha, nadhani kwa kutaka kunisahaulisha, akaendelea, “Hiyo samaki nimeonyesha mwenzangu wa geography. Anasema ni fossil, samaki iligeuka mawe. Iliishi kabla ya watu, kwa ziwa ilikuwa huko chini Kerio, kwenye hiyo odowa ilichimbwa. Ziwa ilikauka. Hiyo aina iliisha yote, hakuna hata moja imebaki.”

Nilimkatia simu. Ziwa, huko Kerio ninakojua mbuzi na miiba tu! Samaki walizaana humo, wakajaa, wakaisha wote, na huyu mmoja nilikuwa karibu kumsaga kwa magego. Lakini neno lililonibaki masikioni ni lile moja, iliisha, na nililichukia, nikamchukia na aliyelisema.

Tuliitwa. Mpimaji alinipaka ile jeli baridi, mama mkwe akasimama kando yangu akinishika bega. Picha ilipotokea kwenye kioo, niliutambua. Ulikuwa uti wa mgongo ule ule wa samaki. Vifupa vyeupe, vidogo, mfupa kwa mfupa, vimetulia tuli kwenye weusi. Mama mkwe naye aliona nilichoona, maana vidole vyake vilinibana hadi nikaumia. Mpimaji alisogeza kifaa chake, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Nilitaka kumfokea aseme anachokiona.

Kisha ule mgongo ukajipinda.

Ukajinyoosha, ukageuka wote mzima, na teke likanipata chini ya mbavu. Nilipiga yowe la pili siku hiyo. Mama mkwe aliketi sakafuni pale pale, leso imemfunguka, anacheka na machozi yanamtiririka.

“Huyu si wa jiwe,” alisema. “Huyu anaogelea.”