Nilienda Qatar Kumtoa Imali

Nyinyi mnaonicheka, nani kati yenu alishaendanga kuchukua mjukuu akarudi na tende? Basi nyamazeni niwaambie.

Hapa Iguhu, kitu ilinitoa ni redio. Ilisema makombora yamepita huko Ghuba, na ndege zimefungiwa njia. Imali wangu, yule nililea tangu mamake atuache, anafuanga mashuka kwa hoteli Qatar. Siku mbili simu yake haikuingia. Sikula. Vile mambo yalitulia, akanitumia tikiti nimtembelee. Nikajiambia, kutembea gani? Naenda kumtoa huko.

Kakamega mjini nilipanda basi na jogoo kwa kikapu. Mtu anaendanga kwa watu mikono mitupu? Nairobi, kwa kiwanja ya ndege, dada mmoja wa yunifomu akafunua kikapu. Jogoo akamwangalia, yeye akamwangalia jogoo.

"Shosho, huyu ako na pasipoti?"

Nikamwachia. Alisema atamfuga, lakini alikuwa na macho ya mtu wa supu.

Doha tulifika asubuhi. Joto ilinipiga uso kama nimeinamia sufuria ya obusuma, ugali wetu. Imali akanikumbatia, tukalia hapo hapo mbele ya watu. Anakaa na mwenzake wa kazi, Salma, msichana wa Mumias. Wakanipikia ingokho, yaani kuku, lakini ya dukani. Nikatafuta imondo kwa sahani, ile filigisi tunawekeanga mkubwa. Hakuna!

"Nani amekula imondo yangu?"

"Kukhu, kuku ya hapa inakujanga bila," Imali akasema. Kukhu ndiyo nyanya kwa lugha yetu.

"Na mkubwa wa huku anakulanga nini? Ni nani yeye?"

"Ni Emir," Salma akasema. "Babake alikuwa Emir, sasa ni yeye."

"Anapigiwa kura lini?"

"Hapigiwi, Kukhu. Kuna baraza ya kumshauri, lakini imondo haitoki kwa hiyo boma."

"Kwa hivyo hakuna mtu anakujanga kuwapea fulana na sukari kila miaka tano? Maskini nyinyi!"

Jioni, kando ya bahari, Imali akanionyesha. Ng'ambo ya maji iko Iran. Upande huu kuna kambi ya wanajeshi wa Amerika. Na hii nchi, ndogo hivi, imekaa katikati.

"Sasa wao wanafanyanga nini?"

"Wanaita wenye kugombana wakuje wakae meza moja."

Nikasema hiyo ni kazi yangu na wake za wanangu, tofauti ni mimi sina gesi ya kuuza.

Siku ya tano nikaona begi nyuma ya mlango, imepangwa, imefungwa zipu. Nikapiga vigelegele mpaka Salma akatoka bafuni na povu.

"Umekubali turudi nyumbani!"

Imali akakaa chini polepole. "Hapana, Kukhu." Akaifungua. Pasipoti. Maji. Tochi. Chaja. Karatasi ya namba ya ubalozi wetu, mahali amejiandikisha. "Hii ni ya siku mbaya. Serikali ikisema tukae ndani, tunakaa. Ikisema tutoke, natoka nayo. Zile siku hukunipata, tulikuwa ndani, ni mtandao ilisumbua."

Chini kabisa kulikuwa na leso yangu ya kijani. Ile nilisema kanisa nzima ikisikia kwamba jirani yangu Mama Rosa ameiba.

Nikaishika. Nikaona huyu si mtoto wa kubebwa tena. Lakini roho haikutulia. "Na nani ataniambia uko hai? Redio?"

Akachukua leso, akairudisha chini ya begi, akafunga zipu.

Siku ya kurudi, ndege ilichelewa, wakasema njia ya juu imejaa. Nilikuwa na kilo mbili za tende, na sina mtoto. Moja ya hizo kilo ni ya Mama Rosa, ya msamaha. Nyinyi wenye mnataka kwenda huko, nimejifunza hii: ulizeni kwanza hali ya huko, mjiandikishe, na begi ikae mlangoni. Jogoo muache.

Siku hiyo, kwa mlango wa kiwanja ya ndege, Imali akanishika mikono yote miwili. "Kukhu, siku yoyote kitu ikilia huku, sauti yangu itakufikia kabla ya redio. Simu yangu ikikataa, nitatumia ya Salma. Na ikikataa yote mbili, hiyo begi na mimi tutakuwa njiani tunakuja Iguhu. Nakuahidi."