Alichosikia Kasuku

Mke wangu alifuga kasuku wa kijivu, wale wenye mkia mwekundu. Alimnunua kwa wavuvi wa Yanonge, tukamtundika karibu na mlango wa jikoni, nyumbani kwetu Mangobo. Haukupita mwaka, ndege akawa anaita kwa sauti ya mke wangu: "Papa, kuya!", yaani njoo. Nazima redio, nakwenda, nakuta jikoni hamna mtu. Majirani walinicheka: "Tonton, kimbia, mboga ya pondu inapoa!"

Mimi nilisoma sekondari na nilipenda mambo yenye uthibitisho. Nilijiambia kwamba sauti iliyokwisha kunidanganya mara nyingi haistahili kuinukiwa. Mke wangu, mtu wa sala, alikuwa akisema: "Wewe kuya tu. Utajua ukifika."

Mchana mmoja sauti iliita mara mbili. Sikuinuka. Njaa iliponisukuma jikoni nilimkuta mke wangu amelala kando ya jiko la makaa, mikono imeshakuwa baridi. Watoto niliwaambia kwamba nilikuwa nimetoka.

Baada ya mazishi kasuku alinyamaza majuma kadhaa. Alipoanza tena, aliongeza maneno ambayo sikuwahi kuyasikia. "Papa, kuya. Papa, kuya." Kisha pumzi ndefu, kama ya mtu anayejishikilia ukutani. "Bon, acha tu."

Binti yangu aliyasikia. Jumapili alikuja kutoka ibadani na gunia mkononi.

"Papa, ile si ndege tena. Iko na pepo. Kanisani wamesema tuitupe mtoni. Mama hakusemaka vile hata siku moja!"

Kama ningeamini hivyo, ningepona. Pepo husema uongo, nami ningelala usingizi. Lakini ile akili niliyojivunia ilikataa. Kasuku hurudia alichosikia, na siku ile jikoni walikuwa wao wawili tu.

"Si pepo," nikasema. "Mama yako alisema vile."

"Nani alimusikia?"

"Ndege. Mimi nilisikia mwanzo tu."

Alinitazama. "Papa, si ulikuwa umetoka?"

"Nilikuwa sebuleni."

Nyuma yetu kasuku alivuta ile pumzi.

Binti yangu alikunja gunia polepole, akalitia kwapani, akaondoka bila kuniaga. Hakumchukua ndege. Aliniacha naye.