Mwizi wa Sabuni Uani kwa Bibi

Juzi nilipita Kariakoo, mtaa niliokulia, nikamwona kunguru juu ya nguzo ya umeme ana kipande cha sabuni mdomoni. Nilisimama kumtazama hadi mtu wa mkokoteni akanifokea, "Mama, pisha hapo, watu tuko kazini." Nilipisha huku nacheka peke yangu. Na mimi nilikuwa kazini, ila yeye angejuaje? Miaka yote hii naandika magazetini habari za vyura wa milimani na popo wa mapangoni, na watu huniuliza nilisomea wapi. Nilisomea uani kwa bibi, na ndege wa aina ile ndiye aliyenianzisha.

Ilikuwa miaka ya foleni. Foleni ya sukari, foleni ya unga wa njano, na sabuni ndiyo usiseme. Bibi alikuwa mwenye nyumba, na akipata mche mmoja aliukata kwa uzi, taratibu, asipoteze hata chembe. Kila mpangaji aliweka kipande chake juu ya ukuta mfupi karibu na bomba, chini ya mwarobaini. Mimi nilisugua masufuria kwa majivu huku harufu ya mihogo ya nazi ikinitoa udenda.

Halafu vipande vikaanza kupotea. Leo kimoja, keshokutwa kingine. Bibi akasema kikulacho ki nguoni mwako, na macho yote yakageukia chumba cha mwisho, kwa mama mmoja kutoka kusini aliyeuza korosho sokoni. Ushahidi wenyewe ulikuwa kanga zake: zilikuwa safi wakati zetu zimefubaa, na yeye hakuonekana kwenye foleni ya sabuni hata siku moja. Bibi akamwambia ahame ifikapo mwisho wa mwezi.

Mimi nilikuwa darasa la sita, mwandishi wa gazeti la ukutani darasani kwetu, na nilikuwa nimechoka kuandika habari za bustani ya shule. Nikaandika kwa kalamu nyekundu kwamba mwizi wa sabuni amejulikana, ni muuza korosho wa chumba cha mwisho. Sikuwa na hofu, maana nilijua hajui kusoma. Nilichosahau ni kwamba alasiri darasa letu lilikuwa la kisomo cha watu wazima, na yeye alikuwa ameanza kisomo mwaka ule.

Siku ile alirudi na daftari lake kifuani, akaja moja kwa moja nilipokuwa nakuna nazi.

"Mwanangu, leo nimesoma mwenyewe," akasema. "Mwalimu hakunisaidia hata neno moja. Ndiyo mara yangu ya kwanza."

Akaingia chumbani kwake. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Kesho yake mwalimu alinisimamisha mbele ya ile karatasi. "Uliona au uliambiwa?" Nikakiri kwamba niliambiwa. "Basi nenda ukaone."

Nilikaa uani siku tatu na daftari, nikijifanya naosha vyombo. Siku ya kwanza nikamwona mama wa korosho akiponda majani ya mpapai kwenye karai na kufulia maji yake. Kumbe usafi wote ule ulitoka mtini. Siku ya tatu kunguru akatua ukutani, akaangaza kushoto na kulia, akabeba kipande cha bibi, akapanda nacho mwarobaini. Niliandika kwanza, ndipo nikamwita bibi. Jirani yetu fundi akapanda akakuta kiota cha nyaya, na ndani yake sabuni zilizodonolewa.

Bibi hakusema methali siku hiyo. Alikwenda mwenyewe kugonga chumba cha mwisho, na umri wake wote ule, akaomba radhi. Habari ya kuhama haikusikika tena.

Mimi nilijaza karatasi nzima: nilichokiona, na kosa langu. Alasiri nilijibanza nje ya dirisha la darasa, nikamsikia mama wa korosho akisoma kwa sauti, ku-ngu-ru, sa-bu-ni, mpaka nukta ya mwisho. Kisha akaniona.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini hujasema. Kunguru sabuni ya nini?"

Sikujua. Nilimwahidi nitatafuta.

Jibu nililipata nikiwa mtu mzima: kunguru hufuata mafuta yaliyomo. Mama wa korosho alikuwa amesharudi kusini, na sikuwahi kujua kijiji chake. Nyumba ya bibi sasa ni ghorofa la maduka, mwarobaini ulikatwa, na gazeti la ukutani sijui kama bado lipo shule yoyote. Lakini kila makala nikiimaliza naisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyosoma yeye. Nikifika nukta ya mwisho nanyamaza kidogo, nimpe nafasi ya kuuliza.