Mbegu ya Maji Mekundu ya Kapata

Tata Mukalay alimpokea mlangoni akitabasamu, na Mianda akajua kuna jambo. Mzee huyu, mlinzi na msafishaji wa maabara ndogo kule Manika, mjini Kolwezi, alikuwa ametumika miaka thelathini katika kiwanda cha kusafisha shaba, na hakuwa mtu wa kutabasamu kabla ya chai.

"Mama Mianda, nimekuokolea labo. Kichupa chako kimoja kilipasuka. Asidi ilikuwa inakula meza. Nikatia chokaa."

"Ku meza, tata?"

"Ku meza kwanza. Halafu nikajiuliza, na bile bingine? Bitapasuka kesho. Nikatia chokaa mu yote. Moja moja. Hakuna yenye nilisahau."

Mianda alisimama mbele ya rafu. Vichupa kumi na saba vilikuwa vimejaa uji mweupe. Mzee alikuwa amerudisha hata vizibo vya pamba, kila kimoja mahali pake, kwa uangalifu wa mtu anayefunika watoto waliolala.

Hakuweza kumgombeza. Kule kiwandani sheria ilikuwa moja: asidi ikimwagika, unatia chokaa kwanza, unauliza baadaye. Watoto wa Kolwezi huijua sheria hiyo kabla hawajajua kuandika. Mukalay aliitii kama alivyoitii maisha yake yote, na kwa utii huo akaua kazi ya miaka sita.

"Tata," alisema pole pole, "mulikuwa bidudu mule."

"Bidudu?" Mzee alicheka. "Bidudu gani inaishi mu asidi? Mi asidi ilinikulia viatu, ikanikulia suruali, ikanikulia na soksi ya harusi. Bidudu!"

Kisha akauona uso wake, akaacha kucheka.

Mianda ni mtoto wa Kapata, mtaa wa wachimba migodi. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba, baba yake akaendesha mashine za mgodi, na yeye akakulia katika nyumba ya kampuni inayofanana na nyumba nyingine mia kwenye mstari. Nyuma ya mstari wa mwisho, chini ya kilima cha taka za mgodi, palitoka maji mekundu. Mama Jocelyne, mama yake, alimkataza kuyagusa. Mtoto alitii kwa mikono, lakini macho yakabaki pale. Hayakuota majani kando ya maji yale, hakuimba chura. Je, kweli hapana anayekaa humo?

Alisoma Lubumbashi, akarudi na jibu. Humo mnakaa bakteria anayekula chuma, anayestawi ndani ya asidi, na anayevumilia shaba nyingi kuliko ndugu zake wengi walioandikwa vitabuni. Mianda alimpa namba tu, K-17. Walimu wake walitaka kujua kama kiumbe huyu angeweza kutoa shaba katika mawe ya taka bila moto wala tanuru. Mianda alitaka kujua zaidi ya hapo: anafanyaje kutokufa?

Kumtunza kulikuwa kazi. Friji la barafu kali halikufaa, maana umeme wa bwawa la Nzilo hupita juu ya vichwa vya watu kuelekea migodini, na Manika huupata kwa zamu. Basi kila mwezi Mianda alichukua matone ya chupa ya zamani akayatia katika maji mapya yenye asidi na chumvi ya chuma, kama mtu anayeomba kaa la moto kwa jirani. Maji mapya huwa na rangi ya kijani hafifu. Bakteria wakila, hugeuka mekundu kama chai isiyo na maziwa, na ndivyo unavyojua wako hai.

Mwaka wa nne wenye mgodi wakapitisha barabara ya malori kule Kapata. Maji mekundu yakafukiwa. K-17 hakuwa tena na kwao isipokuwa rafu ile.

Nakala moja tu ilikuwa imetoka Kolwezi. Miaka mitatu nyuma mwanamke aitwaye Hilde, mtunzaji wa mkusanyiko wa vijidudu huko Ubelgiji, alimwandikia kuomba sehemu ya mbegu. Wangeihifadhi katika baridi kali, nakala ya pili ingekaa Japani, na mkataba ungesema wazi kwamba mwenye mbegu ni Kongo, na kwamba akiihitaji atarudishiwa. Gracien, mfanyakazi mwenzake, aliusoma akapiga mluzi.

"Bazungu balibeba shaba, balibeba kobalti. Sasa we unabafungia na bidudu mu karatasi?"

Neno hilo lilimchoma. Kwa wiki mbili hakujibu barua. Siku ya tatu ya wiki ya tatu alikwenda Kapata kumwona mama yake, ambaye huuza munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi. Mama Jocelyne hakuwa akipika munkoyo bila kikombe cha ile ya jana kuianzisha.

"Mama, ukienda ku matanga Likasi, kile kikombe unaachia nani?"

"Numbi."

"Mama Numbi? Si munagombana kila juma?"

"Tunagombana, ndiyo. Kinywa chake kibaya, lakini chungu chake kizuri. Munkoyo yangu ilikufa mara mbili, mara mbili nikaenda kuichukua kwake. Akanitukana, akanipa. Ukiweka kitu kwako peke yake, mutoto wangu, haukukiweka."

Mianda akaituma mbegu.

Sasa, mbele ya uji wa chokaa, aliandika barua fupi kuliko zote alizowahi kuandika: mbegu yetu imekufa, tunaomba yenu. Jibu lilifika kesho yake. Hilde hakuuliza nani alikosa. Aliuliza anuani ya kufikishia.

Kisanduku kilichukua siku kumi na tisa. Kilipofika kupitia Lubumbashi, Mianda alikinyanyua akakikuta chepesi mno. Barafu kavu iliyofungwa ndani ilikuwa imegeuka hewa njiani. Tyubu mbili, ndogo kama kidole cha mtoto, zilikuwa na joto la mkono.

Alizimimina katika chupa mbili za maji mapya, moja kwa kila tyubu, akaziweka ndani ya sanduku la joto linalotumia umeme. Umeme ulipokatika na sanduku likapoa, aliiacha ya kwanza humo, ya pili akaihamishia dirishani, kwenye jua. Tata Mukalay alipita mara nne kwa siku, mikono nyuma, bila kugusa.

"Bado kijani?"

"Bado, tata."

"Inakula nini, kweli?"

"Chuma."

"Na inatoa wapi nguvu ya kukula chuma?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza swali zuri hivyo. Mianda akavuta kiti, akamweleza, na mzee akauliza tena na tena, mpaka chai ikapoa.

Siku ya kumi na moja aliingia akamkuta mzee amechuchumaa mbele ya dirisha, uso karibu na kioo.

"Mama Mianda. Ile moja imekuwa chai."

Chupa ya dirishani ilikuwa nyekundu, rangi ile ile ya utotoni mwake. Ile ya kwanza haikugeuka mpaka mwisho, na kwa nini, hajui hadi leo. Swali limo daftarini mwake, na nafasi tupu chini yake.

Mbegu ilipokua, aliigawa. Chupa moja ilibaki rafuni, moja ikaenda kwa walimu wake Lubumbashi. Ya tatu aliiandika jina kwa kalamu nene: MUKALAY. Akaiweka katika kabati la chumba cha mlinzi.

Mzee alilisoma jina lake mara mbili.

"Kwangu? Mi mwenye niliua bidudu?"

"Ndiyo sababu, tata. Sasa hakuna mwenye atabichunga kama weye."

Akafikiri kidogo, kisha akauburuta mfuko wa chokaa kutoka pembeni, akautoa nje, akavuka nao uwanja mzima mpaka kwenye geti.

"Hapa ni mbali ya kutosha?" akapaza sauti.

"Kidogo tena, tata," Mianda akajibu.