Siku Nesi Alipokufa Kiutani kwenye Mkeka wa Mama

Mimi shule niliishia darasa la nne, na sijaona nilichopungukiwa. Nilianza kwa kubeba magunia ya korosho ghalani mpaka bega likaota sugu. Leo hii ukishuka Nachingwea ukauliza mwenye Fuso jekundu na mashine ya kukamua ufuta, utaletwa mpaka mlangoni kwangu, na mlango wenyewe ni wa mninga. Watu husema najisifu. Sijisifu. Naeleza mali iliyopo.

Kitu kimoja tu kilinishinda na fedha zangu zote: kumfanya mama akae mjini. Nilimjengea chumba chenye vigae. Alikaa siku chache, akasema sakafu inateleza kama kambale, akarudi zake Lionja kwenye nyumba ya udongo. Na moyo wake ulikuwa umeshapanuka. Miguu ilikuwa inavimba, akipanda kilima kidogo anahema kama aliyefukuzwa na nyuki.

Aliyekuwa anamshikilia kwa dawa ni nesi wa zahanati ya pale, mama mmoja mnene mwenye sauti ya spika, tukimwita sista. Sista ni Myao, sisi Wamwera, na Wayao na Wamwera ni watani. Kwa hiyo matibabu yenyewe yalikuwa vichekesho. Anaingia uani na vidonge mkononi, anasema: "Bado upo tu? Mimi ubwabwa wa matanga yako nimeshaula kichwani!" Na mama anajibu: "Utatangulia wewe, shimo lako nimelipima kwa macho, ni pana, litawachosha wachimbaji." Halafu anameza vidonge bila kununa.

Basi ikaja barua, sista anahamishiwa Nambilanje, wilaya ya Ruangwa. Mahali pake analetwa kijana wa kiume, mrefu kama nguzo ya umeme, ajira mpya, kwao Bukoba. Sista akanifuata mashineni kwangu Nachingwea.

"Bosi," akasema, na siku hiyo hakutania, "moyo wa mama yako umechoka. Siku ukizidiwa kabisa, yeye anajua anataka afanyiwe nini na asifanyiwe nini. Mimi ameshaniambia. Lakini mimi naondoka. Inatakiwa aseme mbele yako na mbele ya huyu mgeni, wote msikie."

"Sista, unamwitia mama yangu kifo?"

"Namwitia masikio."

"Mimi nimeshapanga," nikamwambia. "Siku hiyo ni Dar es Salaam moja kwa moja, hospitali yenye lifti. Mgonjwa anapanda ghorofani amelala!"

"Umemuuliza?"

"Mama haulizwi hayo. Kwetu mtoto akimuuliza mzazi habari za kufa, majirani wanasema ameshaanza kugawa mikorosho."

Akanitazama, akacheka. "Basi niazime gari la kuhamia."

"Gari lote, na mafuta juu yangu!" Mimi mambo madogo sinaga.

Siku ya kuhama tulipakia kitanda, kabati, majiko, na kuku wake wamefungwa miguu wakipiga kelele juu ya magodoro. Sista akasema tupite kwa mama akaage, na kijana mgeni atatukuta hukohuko akishafunga zahanati, ili amtambue mgonjwa wake. Nikaegesha. Nikabaki nje nakaza kamba, maana mzigo wangu haujawahi kudondoka tangu nianze kazi hii.

Mara nikasikia vilio uani. Nilikimbia ndala moja ikabaki barabarani.

Nikakuta sista amelala chali kwenye mkeka wa mama, amefunikwa kanga ya mama kuanzia vidole vya miguu mpaka utosini, tumbo limesimama kama kichuguu. Wanawake wa mtaa wamemzunguka, wanalia kwa mdomo na kucheka kwa macho. Mama yuko kwenye kigoda, anajipiga mapaja.

"Mimi ndiye mama wa mwenye Fuso!" sauti ikatoka chini ya kanga. "Nimekufa, jamani! Mwanangu kanipakia kunipeleka Dar, nimefia njiani, Somanga, katikati ya magunia ya ufuta, hata hiyo lifti sijaiona!"

"Uwiii!" wanawake wakaitikia, mmoja akaanguka kwa kucheka.

"Na dereva hajui! Anampigia honi trafiki, mimi huku nyuma nimeshakauka!"

Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi nimesimama na ndala moja, sijui nicheke au nitukane, na mtani hatukanwi.

Hapo ndipo kijana wa Bukoba alipoingia. Huyu utani wetu haujui. Alichokiona ni mtu amefunikwa na watu wanalia. Hakuuliza. Alitupa begi, akapiga magoti, akafunua kanga, akapachika viganja vyake kifuani kwa sista na kuanza kukandamiza kwa nguvu zote za ujana.

"Mbavu zangu!" sista akapiga yowe.

"Tulia mama, unarudi!" kijana naye akapaza, anakandamiza tu.

"Narudi kutoka wapi? Sijaenda!"

Tulimvuta watu wanne. Uani hapakuwa na mtu aliyeweza kusimama wima. Hata mimi nilikaa chini vumbini na suruali yangu ya kitambaa kizuri. Kijana, jasho linamtoka, anamwambia sista: "Samahani sana, nilijua umefariki." Na sista ameshika ubavu: "Sasa ndiyo nafariki, mwanangu, kabla ulikuwa mchezo."

Mama ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Akamwita kijana karibu.

"Daktari, ulikuwa unamfanya nini mtani wangu?"

"Bibi, moyo ukisimama tunaukandamiza hivyo ili uanze tena."

"Kila mtu?"

"Kila mtu, labda awe alishasema hataki."

"Basi mimi nimesema," mama akasema. "Sitaki. Moyo wangu ukisimama mwenyewe, umechoka, uacheni ukae. Wewe na urefu huo usinikalie kifuani. Mipira ya kooni sitaki. Dar sitaki. Sindano ya kutoa maji mwilini nachoma, dawa ya maumivu usininyime hata tone, na nilale hapahapa nikisikia watu wanatwanga."

Nani angethubutu kumuuliza haya? Yametoka yenyewe kama maji ya bomba lililopasuka. Kisha akanigeukia.

"Na wewe mwenye gari, umesikia?"

"Mama, lakini kule kuna lifti..."

"Kwenye lifti nani atanitania?"

Mimi ambaye mnadani nasikika mpaka barabarani! Nikasema kwa chini kwamba nimesikia.

"Sema kama unavyosemaga habari za Fuso!"

"NIMESIKIA!" Kuku kule juu ya gari wakaruka. Tukaondoka kwenda Nambilanje, na njia nzima kila tukiingia shimoni sista anacheka, akicheka mbavu zinamuuma, zikimuuma anacheka tena.

Msimu wa korosho ulipofika, asubuhi moja nikapigiwa simu: mama kazidiwa. Nilitoka Nachingwea na gari dogo, nimeshaweka mito na godoro kiti cha nyuma. Ndiyo, nilikuwa nimeshaweka. Nilimkuta ameegemezwa kwa mito, midomo imebadilika rangi, kijana wa Bukoba anamchoma sindano. Akanitoa nje.

"Mzee, dawa nimempa. Anaweza kutulia, anaweza asitulie. Gari lako hilo hapo. Mimi niliyoyasikia siku ile nimeyasikia. Wewe ndiye mtoto wake."

Majirani wote wananitazama mimi na gari. Na dada yangu yuko kwenye simu toka Dar: "Mpakie umlete! Magari yote hayo uliyonayo ni ya nini?"

Nimebeba magunia ambayo wanaume wawili waliyakimbia, lakini hayakuwa mazito kama maneno niliyomjibu: "Mama haendi." Dada akalia, akaniita bahili. Mimi, bahili! Nikaingia ndani nikamwekea mama simu sikioni.

"We mtoto," mama akasema, kila neno na pumzi yake, "kelele za nini? Ukitaka kuniona, njoo. Mwenye gari ameshasema."

Tukakaa. Kijana hakutoka pale, kila saa anashika mkono wa mama na kutazama saa yake. Jua lilipokuwa katikati, mama akaomba ndoo. Kisha akaiomba tena. Kisha tena! Ile dawa ya kutoa maji ilikuwa imefungua njia, na kila ndoo ikitoka, pumzi inatulia, midomo inarudia rangi yake, mpaka akauliza kwa nini nyumba ina watu wengi na hakuna aliyekoka moto.

Ndoo nilibeba mwenyewe, sikumwachia mtu. Nilipita nayo katikati ya uwanja mbele ya majirani wote, nikawaambia watazame vizuri, maana Lionja nzima hakuna mwenye mama anayekojoa kama wangu.