Mjomba Aombwe, Mwalimu Aombwe

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nauza vitumbua Nachingwea, karibu na stesheni, na wenye shida na ofisi walipita kwangu kwanza. Shule yangu iliishia chuo cha Kurani, lakini nilijua kuomba kumi ili nipewe nne, na mbele ya karani elimu hiyo inatosha. Mtoto kafukuzwa shule, mjane kaambiwa arudi kesho mwezi mzima, nilifuatana nao. Malipo sikudai. Wakinunua vitumbua sikuwazuia.

Januari moja akaja mama mmoja kutoka Naipingo, miguu imejaa tope. Binti yake alikuwa ameshinda mtihani wa darasa la nne na kupata nafasi ya bweni. Sasa nafasi inataka kupotea.

"Mwalimu anasema baba yake hataki asome."

"Na kweli hataki?"

"Hataki? Ndiye aliyemchongea sanduku la kwenda nalo!"

Kumbe mwalimu mkuu, mtu wa kaskazini, alimwita baba akamuuliza kama anakubali. Baba akajibu kama anavyojibu mwanamume yeyote wa kwetu aliyelelewa vizuri: aulizwe mjomba wake. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Baba atalima, atalisha, atambeba akiugua, lakini neno la mwisho ni la kaka wa mama. Mwalimu yeye aliona mzazi anayekwepa.

Nikaenda. Mwalimu alikuwa mteja wangu wa kila asubuhi, kwa hiyo alinipa kiti.

"Mama, kwetu mtoto ni wa baba."

"Na kwetu, Mwalimu, baba akijibu peke yake, mjomba atamfuata binti huko huko bwenini amtoe. Hapo utamjibu nani?"

Akakuna kidevu. "Haya, aje huyo mjomba. Lakini simbembelezi mtu. Aombe mwenyewe. Namtaka keshokutwa."

"Wiki mbili."

"Wiki mbili! Lori la bweni linaondoka Jumatatu!"

"Basi Jumatatu asubuhi," nikadakia, kama niliyepunguza bei kwa hasara.

Kesho yake tukapanda lori la mizigo, mimi na mama yule, hadi Ruangwa. Mjomba tulimkuta shambani akipalilia mahindi. Alitupokea vizuri, akasikiliza, kisha akarudi kwenye jembe.

"Kwanza walimwita nani?"

"Shemeji yako," nikasema. "Walikosea, kaka. Mwalimu ni mgeni."

"Mgeni hana mdomo wa kuuliza? Wamenipita mlangoni, sasa wamekwama ndipo wananikumbuka. Aniombe yeye."

Dada yake akakaa chini kwenye matuta, akajifunika uso kwa kanga. Mimi nikasema.

"Ameomba, kaka. Ndiye aliyetutuma."

Jembe likasimama. "Ameomba?"

"Kwa heshima zote. Anakungoja Jumatatu asubuhi."

Jumapili jioni nikampitia mwalimu, nikamwambia mjomba anaomba kupokewa. Akajinyoosha shati. Usiku huo nilipiga hesabu yangu mara mbili, na mara zote mbili ilinipa jibu moja: hawa wawili wakikutana, mmoja atafungua mdomo.

Jumatatu mjomba alifika ofisini kwa mwalimu na kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya. Baba na mama wa binti walikaa kwenye benchi. Binti alisimama mlangoni, sanduku kalishika kwa mikono miwili, nyuma yake lori linaunguruma.

"Mzee," mwalimu akaanza, "nimeambiwa umeomba kuonana nami."

Mjomba akageuka polepole, akanitazama. Mimi nikatazama dari. Nilisikia mama wa binti akivuta pumzi na kukaa nayo. Neno moja tu la kweli lingetosha kumfanya mjomba ageuke arudi Ruangwa, na hakuna ambaye angemlaumu.

Akamtazama mpwa wake. Binti hakuinamisha kichwa. Dereva akapiga honi.

"Ndiyo, Mwalimu," mjomba akasema. "Nimeomba. Mtoto wetu akasome."

Mwalimu akasimama kumpa mkono, kisha akamgeukia baba. "Na wewe?"

Baba akamwangalia shemeji yake.

"Jibu, shemeji," mjomba akasema. "Ni wako pia."

"Hilo sanduku," baba akasema, "nalipeleka mimi."

Akalitwaa begani, akatoka na binti yake. Mjomba alipofika usawa wangu akainama. "Dada, vitumbua vyako navyo unavitia uongo hivi hivi?"

"Vile ni mchele mtupu, kaka."

Hakucheka, ila mabega yalimtikisika.

Nje, utingo alikuwa ameinama kutoka juu ya lori kupokea sanduku. Binti alikwisha kupanda. Baba alilinyanyua, mikono ya utingo ikalishika, naye akawa bado kaling'ang'ania, analitazama kama anakagua misumari yake.

"Mzee, achia," utingo akamwambia. "Tunachelewa."

Akaachia.